Tupeni Sekunde Tano

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko River Road, ghorofa ya kwanza, kati ya mshonaji suti na duka la kubeti. Nilipokuwa kijana nikijifunza kazi kwa mzee mmoja wa Kihindi, korido nzima ilikuwa ya mafundi: wa saa, wa redio, wa cherehani, hata wa kalamu za wino. Siku hizi saa imehamia kwenye simu, na mteja akipanda ngazi anataka betri au mkanda. Basi nina muda wa kusoma, na kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma kuhusu saa moja ambayo sijawahi kuishika wala sitaishika.

Saa hiyo ilikuwa katika maabara ya Benjamin Libet kule San Francisco. Haikuwa na mishale. Ilikuwa nukta ya mwanga inayozunguka kwenye kioo cha oskiloskopu, ukingoni mna namba kama za saa ya ukutani, ila mzunguko ambao mshale wa sekunde huumaliza kwa sekunde 60, nukta ile iliumaliza kwa 2.56. Kila alama ndogo ya ukingoni ilikuwa na thamani ya milisekunde 43 hivi. Mtu aliketi mbele yake, amebandikwa elektrodi kichwani na mkononi, akaambiwa akunje kiganja wakati wowote atakapojisikia, pasipo kupanga, kisha aseme nukta ilikuwa wapi pale hamu ya kukunja ilipomjia.

Watafiti wawili wa Freiburg, Ujerumani, Kornhuber na Deecke, walikuwa wameshaonyesha mwaka 1965 kwamba kabla mtu hajasogeza mkono kwa hiari yake, umeme wa ubongo hupanda polepole. Libet alitaka kujua kipi hutangulia, wimbi hilo au uamuzi. Matokeo aliyoyachapisha yeye na wenzake mwaka 1983 bado yanabishaniwa. Wimbi lilianza kama milisekunde 550 kabla ya mkono kusogea. Hamu, kwa kauli ya watu wenyewe, ilikuja milisekunde 200 kabla. Theluthi nzima ya sekunde ilipita ubongo ukiwa kazini na mwenyewe hana habari.

Wako waliolitwaa tokeo hilo wakatangaza kwamba hiari haipo. Ubongo huamua, wanasema, na nafsi hupewa taarifa baadaye, kama mwenye nyumba anayeambiwa kwamba wageni wamekwisha kula na kuondoka. Msomi mkali kuliko wote upande huo ana historia hapa kwetu. Robert Sapolsky wa Chuo Kikuu cha Stanford alifika Kenya mwaka 1978, kijana wa miaka 21, kuwachunguza nyani wa Maasai Mara, akawa anarudi kwa zaidi ya miongo miwili. Kitabu chake cha mwaka 2023, Determined, kinashikilia kwamba hakuna hata chembe ya hiari, na kwamba hakuna anayestahili lawama wala sifa kwa lolote. Yeye haitegemei sana saa ya Libet. Hurudi nyuma zaidi: homoni za asubuhi hiyo, njaa, utoto, tumbo la mama, mababu.

Vijana wa lile duka la kubeti hawajamsoma Sapolsky, lakini hoja yake wanayo. Wapo wanaoniletea saa za baba zao mchana, niwape chochote, na jioni wanarudi kuuliza kama nimeshaziuza. Mmoja wao, makanga wa magari ya Nyamakima, aliniambia, "Fundi, nilikuwa nimeshasema natoka. Kidole kikaenda." Hakuwa anajitetea. Alikuwa anashangaa, jinsi mtu anavyomshangaa mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata.

Kabla sijasema ninachokiamini kuhusu kidole hicho, nina neno la kifundi juu ya saa ya Libet. Kusoma mshale unaotembea si kazi rahisi kama inavyodhaniwa. Kila fundi amewahi kuletewa saa nzima kabisa na mteja anayeapa kwamba mshale wa sekunde "unasita". Ukimuuliza inasita lini, atasema ni pale anapoitupia jicho. Mwaka 2001 kule London, Kielan Yarrow na wenzake, Patrick Haggard akiwemo, walilipima jambo hilo wakakuta mteja hasemi uongo: jicho likihama ghafla na kutua juu ya saa, ubongo huirefusha sekunde ile ya kwanza. Macho yetu ni mashahidi wabovu wa wakati. Libet mwenyewe alilijua tatizo hilo. Aliwagusa watu wake ngozini kwa umeme mdogo, akawauliza nukta ilikuwa wapi, akakuta wanakosea kwa milisekunde 50 hivi. Uungwana huo wa kupima kosa lako mwenyewe ninauheshimu. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kusema ulipoguswa na kusema ulipotaka, maana kutaka hakuna sauti ya kuanzia.

Kisha mwaka 2012 Aaron Schurger, akiwa Ufaransa, alilitazama upya lile wimbi lenyewe. Umeme wa ubongo haukai kimya hata ukiwa hufanyi lolote. Hupanda na kushuka ovyo wakati wote. Ukimwambia mtu afanye jambo wakati wowote bila sababu, alisema Schurger, atalifanya pale mpando mmoja wa ovyo utakapovuka kiwango fulani. Ukikusanya rekodi za nyakati hizo tu na kuzitazama kinyumenyume, utaona mlima unaopanda taratibu, udhani ni uamuzi uliofichwa. Kumbe pengine ni kelele. Tangu hapo wataalamu wengi hawasemi tena kwa uhakika ule wa zamani kwamba ubongo "umeshaamua".

Ila kuna sehemu ya kazi ya Libet ambayo husahaulika, na ndiyo inayonihusu. Watu wake walimwambia kwamba mara nyingine hamu ilikuja nao wakaiacha ipite. Akajaribu kuwaambia wajiandae kukunja mkono kisha waghairi dakika ya mwisho. Wimbi lilipanda, kisha likalala. Kwa Libet, uhuru wa mwanadamu haukuwa katika kuanzisha bali katika kukataa. Mwaka 2016 kundi la John-Dylan Haynes kule Berlin lilitafuta mpaka wa uwezo huo. Walimwekea mtu kitufe sakafuni akibonyeze kwa mguu, huku kompyuta ikisoma ubongo wake. Pindi kompyuta ilipobashiri kwamba anakaribia kubonyeza, iliwasha taa nyekundu, naye alitakiwa ajizuie. Taa ikiwaka mapema, aliweza. Ikiwaka ikiwa zimebaki milisekunde 200 au chini ya hapo, mguu ulikwenda tu.

Saa za Seiko 5 za zamani, zile wazee wa Murang'a na Machakos walizozinunua kwa pesa za kahawa, hupiga mara 21,600 kwa saa. Ni mapigo sita kwa sekunde, na kila pigo lina milisekunde 167. Kukataa kunahitaji pigo moja na kidogo, na ukichelewa zaidi ya hapo umebonyeza.

Mtu atasema, na atakuwa sahihi, kwamba Libet alipima kukunja kiganja. Hakumpima mtu anayeamua kuoa, au kuuza ng'ombe, au kumpeleka mtoto shule ya bweni. Maamuzi hayo huchukua siku na miezi. Unalala nayo, unamuuliza kaka yako, mama anakohoa kwa namna fulani ukajua hataki. Hapo kukataa kuna nafasi mara elfu. Kwa hiyo, wanasema, acha kututisha na milisekunde zako.

Nakubali kabisa. Ndiyo maana nauogopa ule mchezo wa ndege.

Kwa asiyeujua: kwenye simu kuna kindege kinachopaa, na namba inapanda nacho. Ulichoweka huzidishwa mara moja na nusu, mara mbili, mara nne. Lazima ubonyeze uchukue chako kabla kindege hakijatoweka. Kikitoweka kwanza, umepoteza. Raundi inaweza kwisha kwa sekunde chache, na nyingine inaanza hapo hapo. Kazi yote ya mchezo huo, nikiutazama kama fundi anayetazama mashine ya mwenzake, ni kuuchukua uamuzi mkubwa, wa pesa ya kodi ya nyumba Kangemi, na kuukatakata hadi kila kipande kiwe sawa na kukunja kiganja. Hakuna anayeamua kupoteza kodi ya mwezi. Anaamua shilingi ishirini, halafu ishirini, halafu hamsini, kila moja katika muda ambao kukataa hakujapata kuvaa viatu.

Na kuna ujanja mkubwa zaidi ya kasi. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo wakicheza kamari ya picha zinazozunguka. Kukosa kwa karibu, picha ikisimama hatua moja tu kutoka kwenye mstari, kuliziamsha sehemu zile zile za ubongo zinazoamshwa na ushindi. Watu walisema hawakufurahi, lakini walitaka kucheza tena. Na hamu hiyo ilizidi pale walipokuwa wamechagua picha wenyewe. Kompyuta ilipowachagulia, haikupanda vile. Soma tena hapo. Kilichowafunga ni ile hisia kwamba wao ndio wanaoamua.

Sasa tazama kitufe cha kuchukua pesa kwenye mchezo wa ndege. Kimo ambapo kindege kitatoweka huwa kimeshapatikana ndani ya kompyuta raundi inapoanza. Kidole chako hakikisogezi hata unywele mmoja. Unachoachiwa ni kuamua lini utajitoa, bila kujua lini kitatoweka, na baada ya kila raundi unaona kabisa kwamba ungengoja nusu sekunde tu, au ungewahi nusu sekunde tu. Kwenye kila raundi iliyopotea kuna kukosa kwa karibu, na kila kukosa kunaonekana ni uamuzi wako. Wacheza pata potea, ile kamari ya karata ya barabarani, wa mtaa huu waliijua siri hiyo kabla ya Cambridge. Hawakukuchagulia karata. Walikuhimiza uchague mwenyewe, upesi, huku watu wao wawili wakikusukuma mgongoni na mwingine akishinda mbele ya macho yako. Ungepewa dakika moja ya kusimama kando na kufikiri, ungeenda zako kupanda gari.

Anayetilia shaka kwamba hamu ya kamari inaweza kupandikizwa mtu asijue, na asome ripoti ya madaktari wa Mayo Clinic ya mwaka 2005. Walieleza wagonjwa 11 wa Parkinson waliogeuka wacheza kamari sugu baada ya kupewa dawa zinazoiga dopamini, kemikali ya ubongo, nyingi zikiwa za aina moja iitwayo pramipeksoli. Walikuwa watu wazima, na kwa wengi wao kamari haikuwa mazoea. Walipopunguziwa au kuondolewa dawa, wale walioendelea kufuatiliwa waliachana na kamari. Kidonge kiliingia na hamu, kikatoka nayo, na katikati kila mmoja wao bila shaka aliona ni yeye anayetaka.

Hapo ndipo ninapoachana na Sapolsky, ingawa ushahidi wake ni huu huu. Yeye anasema: basi hakuna hiari. Mimi nasema hiari ipo, ni kidogo, ina kiwango kinachopimika, na kwa kuwa ina kiwango inaweza kuibiwa. Kisichokuwepo hakiibiwi.

Na sheria ya Kenya imeujua wizi huo tangu zamani. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinasema mtu hana hatia ya jinai kwa tendo lililotokea pasipo yeye kutumia hiari yake. Kifungu cha 13, kinachohusu ulevi, kinakwenda mbali zaidi: ulevi kwa kawaida si utetezi, lakini ukileweshwa bila ridhaa yako kwa hila ya mtu mwingine, hata usijue unalolifanya, mahakama itakusikiliza. Hapa River Road jambo hilo halihitaji wakili wa kulifafanua. Mtu akiwekewa mchele, yaani dawa ya kulewesha, kwenye kinywaji, akaamka hana simu wala viatu na namba yake ya siri aliitaja kwa mdomo wake mwenyewe, hakuna anayemwambia kwamba alikubali. Tunasema aliwekewa. Tunatafuta aliyemwekea.

Najua mchele na mchezo wa simu si kitu kimoja. Aliyewekewa mchele hakujua. Anayebeti aliufungua mchezo mwenyewe, tena kesho ataufungua tena, na hakuna aliyemshika mkono. Sisemi kijana asamehewe deni, wala sisemi mama yake asimfokee. Kufokewa ni moja ya vitu vinavyoingia ubongoni na kuukuza uwezo wa kukataa. Mimi nilifokewa sana na nikafaidika. Ninachopinga ni kumwachia yeye peke yake hesabu yote, huku upande wa pili wa kioo wamekaa watu wenye mishahara mizuri ambao kazi yao ni kupunguza milisekunde. Kisha wanaandika chini ya tangazo kwamba ucheze kwa kiasi. Maandishi yenyewe ni madogo hivi kwamba niliyasoma kwa lenzi ninayotumia kutazama gurudumu la usawa la saa ya kike.

Nyani wa Sapolsky wana jambo la kutufundisha hapa, pengine kuliko kitabu chake. Katikati ya miaka ya 1980, kundi moja alilolifuatilia lilikuwa na madume yaliyozoea kwenda kupigania mabaki kwenye jaa la hoteli moja ya watalii. Yaliyoweza kufika ni yale makali. Nyama yenye kifua kikuu ikatupwa pale, na madume makali yakafa karibu yote. Waliobaki walikuwa majike na madume wapole, na kundi likabadilika: mapigano yakapungua, kuchanana manyoya kukaongezeka. Sapolsky na Lisa Share walipochapisha habari hizo mwaka 2004, madume wale wapole wa awali walikuwa wameshaondoka au kufa, na mapya yaliyohamia kutoka makundi mengine yalikuwa yamejifunza tabia za pale. Hakuna nyani aliyehubiriwa juu ya kuwa na kiasi. Kilichobadilika ni kilichowazunguka.

Nasi tunaweza kubadilisha kinachotuzunguka bila kusubiri kifua kikuu. Tumeshafanya hivyo. Ukituma pesa kwa M-Pesa, huletewa jina la unayemtumia, na kuna sekunde chache za kusitisha ukiona umekosea namba. Hakikisha, wanaiita. Hakuna aliyesema huduma hiyo inatudharau au inatunyima uhuru. Ilijengwa kwa kujua kwamba kidole hutangulia, na kwamba mwenye kidole anastahili kungojwa. Kwa nini pesa zikienda kwa shangazi tungojwe, na zikienda kwa kindege tuharakishwe?

Uingereza, ambako kamari ni biashara kubwa na halali, waliliona hili na wakaliandika kwa lugha ya saa. Tangu Oktoba 2021 mashine za kamari za mtandaoni haziruhusiwi kuanza mzunguko mpya kabla ya sekunde 2.5 kupita, na kujichezesha zenyewe kumepigwa marufuku. Nilitabasamu nilipoiona namba hiyo, kwa kuwa ni karibu sawasawa na mzunguko mmoja wa nukta ya Libet. Januari 2025 wakaongeza: michezo mingine ya kasino mtandaoni, angalau sekunde tano kati ya mchezo na mchezo.

Sisi sasa tuna Sheria ya Kudhibiti Kamari iliyotiwa saini Agosti 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966 iliyoandikwa wakati kamari ilikuwa na meza na milango. Inaleta mamlaka mpya ya udhibiti. Mjadala niliousikia redioni umekuwa juu ya leseni, mitaji, kodi na matangazo. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo huo matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, kisha maisha yakaendelea. Sikusikia mtu akitaja sekunde.

Basi nazitaja mimi. Kanuni za sheria hiyo ziseme kwamba hakuna raundi mpya kabla ya sekunde tano kwisha, kwa mchezo wowote wa simu. Zikataze kitufe cha kurudia dau kwa mguso mmoja. Kila pesa mpya inayoingizwa iombe namba ya siri upya, na kabla ya kuiomba ionyeshe jumla iliyopotea leo, kwa maandishi makubwa. Mchezaji akiomba afungiwe, afungiwe siku hiyo, na kufunguliwa kuchukue wiki. Wenye kampuni watasema sekunde tano zitawafukuza wateja. Ikiwa mteja anaondoka kwa kungoja sekunde tano, naomba mamlaka iwaulize walikuwa wakimuuzia nini.

Kupima kama kanuni inafuatwa si kazi ya kuagiza mtaalamu kutoka nje. Anahitajika mtu mwenye simu na mkono mtulivu, na saa ya kupimia mbio. Hizo ninazo nne kwenye kabati la kioo, moja ya Kirusi, zote zinatembea.